Marudio ya Mtihani: Kurejelea Vyanzo na Kuandaa Marejeleo

Maswali haya yanawalenga wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo vikuu vya kando ya Ziwa, wawe Maseno, Bondo au mjini Kisumu, wanaojiandaa kwa mtihani wa Stadi za Mawasiliano. Mifano karibu yote imetoka katika vitabu vya watu wa huku huku, kwa hiyo ukiwa na shaka unaweza kukitafuta kitabu chenyewe maktabani na kukikagua. Maswali yanayowasumbua wanafunzi yamejibiwa kwa urefu. Yale ya kukariri yamepitiwa haraka.

Swali la 1. Kwa nini mwandishi wa insha hutaja vyanzo vyake? (alama 4)

Jibu la "ili kuepuka wizi wa kitaaluma" si kosa, lakini halitakupa zaidi ya alama moja, maana linaeleza hofu ya mwanafunzi na kusahau haja ya msomaji. Msomaji anataka kufika mwenyewe pale ulipofika wewe. Ukiandika kwamba Kaunti ya Kisumu ina watu 1,155,574, atauliza ni nani aliyewahesabu na lini. Ukiongeza (KNBS, 2019), anajua kwamba hiyo ni sensa ya Agosti 2019 ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, na anaweza kufungua Juzuu la Kwanza la ripoti akaiona idadi kwa macho yake. Pia ataelewa kwamba idadi hiyo si ya leo.

Hoja ya pili ni kutenganisha sauti. Katika aya moja huwa kuna maneno yako, maneno ya uliyemsoma, na pengine maneno ya mtu wa tatu ambaye uliyemsoma alikuwa akimpinga. Bila marejeleo, sauti hizo zote huonekana kuwa zako, hata zile usizokubaliana nazo. Hoja ya tatu ndiyo ile inayojulikana: kumpa mwenye kazi haki yake.

Swali la 2. Tofautisha marejeleo na bibliografia. (alama 2)

Marejeleo huorodhesha kazi ulizozitaja ndani ya insha, hizo tu. Bibliografia huongeza na zile ulizozisoma zikakujenga bila kuzitaja popote. Ukiagizwa kuandika marejeleo, usiongeze vitabu vya kupamba orodha. Mhadhiri mwenye subira huchukua jina moja baada ya jingine kwenye orodha na kulitafuta ndani ya insha; lisipopatikana, alama inaondoka.

Swali la 3. Taja mitindo mitatu ya kurejelea na mahali inapotumika zaidi. (alama 3)

APA, ambayo toleo lake la 7 lilitoka 2019, hutumika katika elimu na sayansi za jamii. MLA, toleo la 9 la 2021, hutumika katika lugha na fasihi. Chicago, toleo la 18 la 2024, hupendwa na wanahistoria kwa sababu ya tanbihi zake chini ya ukurasa. Usijaribu kuamua ni upi ulio bora; idara yako imekwisha kuamua. Kosa linaloadhibiwa ni kuanza na mmoja na kumalizia na mwingine.

Jambo moja huwachanganya wengi. Toleo la 7 la APA liliacha kutaja mji wa uchapishaji, ilhali makala mengi ya Kiswahili bado yanautaja: Nairobi, koloni, kisha mchapishaji. Mimi binafsi naupenda mji ubaki. Ukiona kwamba *A History of the Luo-Speaking Peoples of Eastern Africa* (2009) cha Bethwell Ogot kilichapishwa na Anyange Press, Kisumu, umejifunza kitu kuhusu kitabu hicho ambacho jina la mchapishaji peke yake halikuambii. Hata hivyo, ukiagizwa APA ya 7, ufute. Majibu yafuatayo yanaubakisha mji, kama ilivyo desturi ya maandishi ya Kiswahili.

Swali la 4. Andika rejeleo la kitabu chenye mwandishi mmoja, kisha uonyeshe jinsi kitakavyotajwa ndani ya insha. (alama 4)

Katika orodha: Odinga, O. (1967). *Not Yet Uhuru*. London: Heinemann.

Ndani ya insha, ukitoa hoja kwa maneno yako: (Odinga, 1967). Ukinukuu neno kwa neno, ongeza ukurasa: (Odinga, 1967, uk. 45), yaani ukurasa wowote ule ulikoyatoa maneno hayo. Kurasa zaidi ya moja huwa kur. Jina likiwa tayari limo katika sentensi yako, mabano hubaki na mwaka tu: Odinga (1967) anaeleza kwamba...

Angalia kisichokuwepo. Hakuna "Jaramogi". Mitaani Kisumu hakuna anayemwita kwa jina jingine, na mtu akimtaja bila jina hilo huonekana hana adabu, lakini orodha ya marejeleo haina nafasi ya majina ya heshima. Prof., Dkt., Mheshimiwa, Mzee na Marehemu vyote huachwa mlangoni. Mwandishi huingia kwa jina lililochapwa kwenye kitabu. Adabu yako ionyeshe ndani ya insha.

Swali la 5. Waandishi wawili wana jina moja la ukoo. Utawatofautishaje? (alama 6)

Swali hili hurudi mara nyingi, na kwa mwanafunzi wa Nyanza si la kubuni. Mwaka 1966 Grace Ogot alitoa riwaya *The Promised Land*. Mwaka 1967 mumewe, Bethwell A. Ogot, akatoa *History of the Southern Luo*. Mwaka 1968 Grace akarudi na hadithi fupi za *Land Without Thunder*. Vyote vitatu vilichapishwa Nairobi na East African Publishing House. Mwanafunzi anayeandika (Ogot, 1967) na (Ogot, 1968) katika aya moja kuhusu uhamaji wa Waluo amemwacha msomaji aamini kwamba mwanahistoria na mtunzi wa hadithi ni mtu mmoja. Dawa yake ni herufi za kwanza za majina, kila mara unapowataja, hata kama miaka yao haigongani: (B. A. Ogot, 1967), (G. Ogot, 1968). Katika orodha, B. A. hutangulia G., kwa alfabeti. Vitabu viwili vya Grace hupangwa kwa mwaka, 1966 juu, 1968 chini. Kama vingekuwa vya mwaka mmoja vingepewa 1968a na 1968b, na herufi hizo zingeonekana pia ndani ya insha.

Mfano wa pili unatoka Siaya na ni mgumu kidogo. Mwaka 1965 serikali ilitoa Sessional Paper Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Julai mwaka huo huo mwanauchumi kijana, ambaye jina lake lilichapwa Barak H. Obama, aliukosoa waraka huo katika *East Africa Journal*. Miaka 30 baadaye, mwanawe akachapisha *Dreams from My Father* (1995). Insha inayowatumia wote wawili itaandika (B. H. Obama, 1965) na (B. Obama, 1995). Katika orodha, B. peke yake hutangulia B. H., ingawa kazi yake ni ya baadaye: jina fupi hukaa mbele ya refu, na mwaka hauangaliwi mpaka majina yafanane kabisa.

Na tahajia je? Baba amechapwa "Barak", bila c. Usimsahihishe. Tahajia ya chanzo ndiyo itakayomwezesha msomaji kukipata kwenye katalogi.

Makala hayo yataandikwa hivi: Obama, B. H. (1965, Julai). Problems facing our socialism. *East Africa Journal*, kur. 26–33. Jina la jarida ndilo linalowekwa kwa hati za mlazo. Jina la makala huachwa wima. Wanafunzi wengi hugeuza.

Swali la 6. Utajuaje jina la kuanzia katika orodha? (alama 3)

Kanuni ya jumla ni kuanza na jina la mwisho: Robert, S.; Wamitila, K. W.; Odinga, O. Lakini majina yetu hayakuundwa kwa ajili ya kanuni hiyo. Ngũgĩ wa Thiong'o huwekwa na maktaba kwenye N, kwa sababu "wa Thiong'o" humtambulisha kwa baba yake, na "Thiong'o, N. W." ni mtu asiyekuwepo. E. S. Atieno Odhiambo, mwanahistoria wa Siaya, utamkuta kwenye A katika orodha fulani na kwenye O katika nyingine. Hapo fuata katalogi ya maktaba yako, kisha usibadilike hadi mwisho wa insha.

Chunga pia majina yanayokujia kichwani kabla ya kusoma jalada. *Luo Kitgi gi Timbegi* kiliandikwa na Paul Mboya na kutolewa 1938. Kwa mazoea, mkono wa mwanafunzi huandika "Mboya, T." Tom Mboya alizaliwa 1930, kwa hiyo mwaka huo wa 1938 alikuwa bado mtoto. Kitabu chake mwenyewe, *Freedom and After*, ni cha 1963. Kulinganisha mwaka wa kitabu na umri wa mwandishi ni jaribio la sekunde chache, na hunasa makosa mengi kuliko unavyodhani.

Swali la 7. Umekuta maneno ya mwandishi mmoja ndani ya kitabu cha mwingine. Utarejelea nani? (alama 5)

Unarejelea kitabu ulichokishika. Tuseme umesoma B. A. Ogot, na humo ukakuta maneno ya Paul Mboya. Kitabu cha Mboya hujakiona, na kwa kuwa kimeandikwa kwa Kijaluo, pengine usingeweza kukisoma hata ukikipata. Ndani ya insha utaandika: (Mboya, 1938, katika B. A. Ogot, 1967, uk. ...). Katika orodha utaandika Ogot peke yake.

Wanafunzi hawapendi jibu hili, maana orodha yenye Mboya wa 1938 inavutia zaidi. Lakini ukimweka Mboya kwenye orodha, unamwambia msomaji kwamba ulimsoma. Kama Ogot alifupisha maneno yake, akayatafsiri kwa namna yake, au mpiga chapa akakosea nambari ya ukurasa, kosa hilo sasa ni lako na huna njia ya kujitetea. Kwa maoni yangu huu ni udanganyifu mkubwa kuliko koma iliyowekwa vibaya, ingawa ndio usiogunduliwa kwa urahisi. Jibu kamili litaongeza kwamba njia hii ni ya dharura: chanzo cha awali kikipatikana, kitafutwe.

Ukikisoma cha Kijaluo chenyewe, jina lake hubaki kama lilivyo, na maana huongezwa kwenye mabano ya mraba: *Luo Kitgi gi Timbegi* [Waluo: Mila na Matendo Yao]. Na ukisoma tafsiri, sema ni tafsiri. Grace Ogot aliandika *Miaha* kwa Kijaluo mwaka 1983. *The Strange Bride* (1989) ni tafsiri ya Okoth Okombo. Anayenukuu *The Strange Bride* ananukuu maneno ambayo Okombo aliyachagua, kwa hiyo jina la Okombo lisikosekane katika rejeleo.

Swali la 8. Eleza namna ya kurejelea chanzo simulizi. (alama 6)

Mwanafunzi anayeandika kuhusu uvuvi hushuka Dunga, huketi na wavuvi na wachuuzi, kisha hurudi hosteli na kuandika: "Wavuvi wanasema omena wamepungua." Wavuvi gani? Wa ufuo upi? Walisema lini, kabla ya ziwa kufungwa kwa uvuvi wa omena au baada? Mvuvi wa mbuta na mwanamke anayeanika omena juani hawaioni hali kwa jicho moja, na sentensi hiyo imewafanya mtu mmoja.

Rejeleo la mahojiano linahitaji mambo manne: aliyezungumza, nafasi yake katika jambo linalozungumzwa, mahali, na tarehe. Kwa mfano wa kubuni: (mchuuzi wa omena, Dunga, mahojiano, 14 Machi 2025). Jina lake litatajwa akikubali, na idhini hiyo uiombe kabla ya kufungua daftari. Asipokubali, maelezo ya kazi yake yanatosha.

Mitindo haikubaliani kuhusu orodha. APA huyaita mazungumzo kama haya mawasiliano ya kibinafsi na huyaacha nje ya marejeleo, kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyafuata. Wanahistoria huorodhesha waliohojiwa katika sehemu yao, na hapa mimi niko upande wao. *History of the Southern Luo* kisingaliandikwa bila mapokeo simulizi ambayo Ogot aliyakusanya kwa wazee, wakati ambapo wasomi wengi walikuwa bado wanabishana kama masimulizi yanaweza kuitwa ushahidi. Ukikataa kuwataja wasemaji kwa sababu hawakuandika kitabu, unawarudisha katika ubishi huo. Katika mtihani, taja mtindo unaoufuata, kisha ujibu kwa kuufuata.

Swali la 9. Mwandishi wa hati ya serikali ni nani? (alama 2)

Ni taasisi iliyoitoa: Jamhuri ya Kenya, au Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), au Serikali ya Kaunti ya Kisumu. Usimwandike waziri aliyetia saini dibaji. Katiba hutajwa kwa kifungu badala ya ukurasa, kwa kuwa kurasa hutofautiana chapa hadi chapa: Katiba ya Kenya, 2010, Kifungu cha 40(5). Hicho, kwa bahati nzuri, ndicho kinachoitaka Serikali ilinde haki za ubunifu za watu wa Kenya, na ni mfano unaofaa kuukumbuka kwenye mtihani.

Swali la 10. Je, mtandao wa Google ni chanzo? Na programu za akili unde? (alama 4)

Google si chanzo. Ni njia ya kukifikia. Kilichofunguka baada ya kubofya ndicho chanzo: nani ameandika, mwaka gani, kichwa gani, kiko kwenye anwani ipi. Ukurasa unaobadilika mara kwa mara huongezewa tarehe uliyousoma. Makala ya jarida yenye nambari ya DOI hutajwa kwa nambari hiyo, maana anwani za tovuti hufa. PDF iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa ni nakala ya kitu fulani. Tafuta ni ya nini. Ikiwa haina ukurasa wa jina wala mwaka, na hakuna anayejua ilikotoka, usiitumie.

Akili unde ina hatari yake. Ukiiomba marejeleo kuhusu magugu maji katika Ghuba ya Winam, inaweza kukupa jina la mtafiti linalosikika la kweli, jarida lililopo kweli, na makala ambayo hayakuandikwa kamwe. Kila kitu kimepangwa sawasawa, koma mahali pake, mabano mahali pake. Ndiyo maana mhadhiri akiona orodha safi mno siku hizi huanza kuitilia shaka. Kanuni ni fupi: usiorodheshe chochote ambacho hujakifungua na kuusoma ukurasa unaoutaja.

Swali la 11. Soma sentensi ya chanzo na matumizi yake mawili. Yapi ni wizi wa kitaaluma? (alama 5)

Chanzo (kimetungwa kwa zoezi hili): "Reli ilipofika ufuoni mwa ziwa mwaka 1901, bidhaa zilizokuwa zikibebwa vichwani na wapagazi zilianza kusafirishwa kwa mabehewa hadi bandarini, kisha kwa meli hadi Uganda."

Mwanafunzi A: Reli ilipowasili ufuoni mwa ziwa mwaka 1901, mizigo iliyokuwa ikibebwa vichwani na wapagazi ilianza kusafirishwa kwa mabehewa mpaka bandarini, halafu kwa meli mpaka Uganda.

Mwanafunzi B: Mwandishi anaiona reli kama mwisho wa kazi ya wapagazi katika njia ya Uganda, maana tangu 1901 treni na meli ziligawana safari iliyokuwa ya miguu (Mwandishi, mwaka).

A ameiba. Amebadilisha maneno manne matano na kuacha mifupa ya sentensi ilivyokuwa. Hata angeongeza mabano ya rejeleo, kosa lingebaki, maana angemfanya msomaji aamini kwamba muundo ni wake. Angeweza kuweka alama za mtajo na kunukuu. B amesoma, akafunga kitabu, akasema alichoelewa.

Wengi hupoteza alama hapa kwa kudai kwamba B alihitaji rejeleo kwa ajili ya mwaka 1901. La. Kwamba reli ilifika Kisumu mwaka huo, mji ukiitwa Port Florence, ni jambo linalopatikana katika kila kitabu cha historia ya Kenya, na maarifa ya wote hayahitaji chanzo. Kinachohitaji rejeleo ni tafsiri ya tukio, yaani madai kwamba reli ndiyo iliyowamaliza wapagazi.

Mtahini anaweza kuuliza tofauti ya wizi huu na uvunjaji wa hakimiliki. Hakimiliki ni suala la Sheria ya mwaka 2001 na mahakama. Wizi wa kitaaluma ni kosa dhidi ya chuo, na unaweza kuutenda hata kwa kitabu ambacho hakimiliki yake imekwisha. Kununua insha iliyoandikwa na mwingine ni wizi huo huo, ingawa mwenye insha amelipwa na ameridhika.

Swali la 12. Sahihisha marejeleo haya: "Prof. Bethwell Ogot, History of the Southern Luo. Cohen na wenzake (1989) Siaya, London." (alama 5)

La kwanza limebeba cheo, halikuanza na jina la ukoo, na halina mwaka wala mchapishaji. Liwe: Ogot, B. A. (1967). *History of the Southern Luo*. Nairobi: East African Publishing House. La pili lina kosa lililojificha. "Na wenzake" hutumika, katika APA na MLA, waandishi wakiwa watatu au zaidi. *Siaya* kina wawili, David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, na wote wawili hutajwa kila mara. Anayemfuta Odhiambo amemfuta mwenyeji wa Siaya katika kitabu kuhusu Siaya. Liwe: Cohen, D. W. na Atieno Odhiambo, E. S. (1989). *Siaya: The Historical Anthropology of an African Landscape*. London: James Currey. Mwisho, mpangilio: C hutangulia O. Alama hii ya tano hupotea kila mwaka kwa watu wanaosahihisha kila kitu kisha wakaacha orodha katika mpangilio ule ule waliopewa.

Kwa insha unazoandika nje ya chumba cha mtihani: kabla hujarudisha kitabu maktabani, piga picha ukurasa wa jina na ule wa nyuma yake wenye mwaka na mchapishaji, na uandike nambari ya ukurasa kando ya kila dondoo ulilonakili. Wiki ya kukabidhi kazi, nakala pekee ya kitabu hicho itakuwa mikononi mwa mwenzako.